Udongo wa Gari Haulazwi Kwenye Pamba

Siku mliponiaga mlisema mambo mengi, na mengi yalikuwa ya uongo. Sikukasirika. Mtu akistaafu watu hula pilau na kumsifia, ndiyo kazi ya sherehe. Lakini yule mwenzenu mwenye miwani ya jua, aliyeshika kipaza sauti akasema, "Mzee Shija ameshika klei hapa Bariadi miaka yote hii na hajawahi kukwaruza gari la mtu," yule aliniharibia mlo. Mkapiga makofi. Mimi nikatabasamu, nikainamia sahani, nikatafuna nyama iliyokwisha kutafunika zamani. Sasa niko nyumbani, sina gari la kuosha wala bosi wa kumdanganya, na nimeona niwaandikie kabla uongo huo haujazoeleka.

Kwanza niwaeleze kazi, maana najua karatasi hii itasomwa na watu ambao klei wameiona kwenye simu tu. Klei ni kipande cha udongo wa kiwandani, laini kama donge la chapati. Gari ukishaliosha kwa shampuu likang'aa na mwenyewe akafurahi, bado ni chafu. Vaa kifuko cha nailoni mkononi, kile cha kuwekea karanga, kisha pitisha vidole juu ya boneti. Utasikia vipele. Hizo ni cheche za mafundi wa mageti, ni lami ya barabara ya Lamadi, ni wadudu wa ziwani waliojibamiza na kukaukia hapo. Sabuni haiwatoi. Unamwagia maji ya shampuu yateleze, unapitisha klei taratibu, kwa mstari ulionyooka, nayo inaokota kila kitu. Vipele vikiisha, mkono unateleza wenyewe.

Inaokota, nimesema. Haitupi. Kila ilichokiokota kimo tumboni mwake, na usipoikunja na kuikanda mpaka upate upande safi, kile ulichokitoa kwenye pikapu ya muuza mkaa unakwenda kukisugua kwenye gari la mchungaji. Jambo hili dogo nimewaeleza miaka mingapi? Mnanijibu, "Sawa mzee," huku mnajirekodi.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilipita kimyakimya kuangalia mnavyotunza vipande vyenu. Nilitamani nistaafu mara mbili. Mmoja wenu alikuwa nacho mfukoni, pamoja na funguo na kizibo cha soda. Mwingine alikiacha juu ya dashibodi kwenye jua la saa saba, kikayeyuka na kujaza matundu ya kiyoyozi, akaniita nimsaidie kukitoa kwa kijiti cha meno. Wa tatu, ambaye ukurasa wake una wafuasi wengi kuliko parokia, alikiloweka kwenye sabuni ya unga ya kufulia. Asubuhi alikuta uji. Akaniambia, "Mzee, hii klei ni feki." Feki ilikuwa imesimama mbele yangu imevaa glavu.

Na yule aliyeidondosha! Simtaji, mama yake ni mtu wa kanisani kwetu. Ilimponyoka, ikaanguka kwenye changarawe, akaiokota na kuipuliza, pfuu, kama mtoto aliyeangusha andazi.

"Unapuliza nini?" nikamwuliza.

"Vumbi, mzee."

"Na mchanga ulioingia ndani, huo utautoa kwa maombi?"

"Lakini mzee, hii imeagizwa Dar."

"Hata ingeagizwa mbinguni, imeanguka. Tupa."

Hakutupa. Niligeuka kwenda kunywa chai, niliporudi alikuwa kwenye mlango wa Noah ya mtu. Shikeni hili hata kama mengine yote yatawapita: klei ikigusa ardhi imekufa. Haioshwi wala haipulizwi, na haipelekwi kwenye rimu, maana rimu nayo ina rangi. Ndiyo maana kipande kizima hakishikwi chote. Unakikata vinne, unatumia robo, na robo ikianguka unazika robo.

Mnacheka. Chekeni, kwa sababu sasa nafika kwangu.

Mimi sikuanza kwenye magari. Nilianza kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nikafanya kazi humo karibu miaka ishirini, mwanzo kubeba marobota, mwisho kusimamia ghala. Pamba niliijua kuliko nilivyowajua wanangu. Nilijiona profesa. Niliweza kushika pamba ya Sola na pamba ya Itilima gizani nikakuambia ipi imenyeshewa. Na dhambi kubwa ghalani kwetu ilikuwa moja tu, unyevu. Robota likilala na maji, linachemka ndani, linaoza, na aliyelipanga anafukuzwa. Miaka ishirini nilikuwa napiga kelele, "Kavu! Kavu! Nani kaleta ndoo humu?" Kiwanda kiliposimama tukarudishwa nyumbani, zile kelele nikarudi nazo kichwani.

Mkoa ulikuwa bado mchanga wakati huo, maofisi yanatafuta nyumba za kupanga, na magari meusi yalianza kuonekana mjini. Akaja Nestori. Alikuwa mtu wa Nassa, kazi ameijifunzia Mwanza, mpole, mwenye vidole virefu, na alikuwa mdogo kwangu kwa miaka sita. Hiyo miaka sita iliniuma. Aliweka ndoo zake kwenye uwanja wa mzee Ngassa kando ya barabara, akanichukua nimsaidie, akanifundisha kila kitu ninyi mnachodai nimekigundua mimi. Kile kipimo cha kifuko cha karanga ni chake. Kusugua kwa mstari badala ya kuzungusha mkono kama anayekoroga uji, ni yeye. Kusikiliza pia ni yeye aliyenifundisha. Klei ikianza kupita kwenye rangi chafu inakwaruza kwa sauti ndogo, na rangi ikisafika inanyamaza. Alikuwa anafumba macho akiisikiliza. Mimi nilimwita fundi mbele ya watu, na moyoni nilimwita mtoto.

Klei yake aliitunza kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, ndani akaweka maji kidogo ya shampuu ya gari. Aliihifadhi ikiwa imekandwa, bapa, upande safi nje, kopo likakaa kivulini. Hivyo ndivyo inavyotunzwa mpaka leo, sijaona njia nzuri zaidi. Ikikauka inakuwa ngumu na kupasuka, na ikiwa ngumu inakwaruza. Kila kipande kikae peke yake, maana viwili vikigusana vinashikana kama walevi, na kile cha rimu kisijue hata jina la kile cha boneti. Ukiikanda ukaona imekuwa ya kijivu yote, hakuna tena upande safi, itumie kwenye vioo siku mbili tatu kisha iage.

Mzee Ngassa, mwenye uwanja, alikuwa mfugaji wa Mwamapalala. Alikuwa ameuza sehemu ya zizi lake akanunua gari jeusi, jeusi ti, na alilipenda kwa namna ile ile aliyopenda ng'ombe. Hakuwa anaangalia injini. Alipita ubavuni akipapasa kwa kiganja, toka shingoni mpaka mkiani, anaguna. Kama kuna mahali pamemkwaza anarudia. Watu walimcheka, mimi nikiwa wa kwanza, ila ukweli ni kwamba mkono wake ulikuwa mzuri kuliko macho ya wengi wenu.

Siku moja akamwambia Nestori, "Kijana, nataka kufunga hili suala la uwanja. Wako watu wanautaka wajenge baa. Jumamosi nakuletea gari langu. Nikilipapasa nikute ngozi ya ndama, uwanja huu ni wako kufanyia kazi mpaka uzeeke, na kibanda cha matofali nakujengea mwenyewe. Nikikuta kinyume, unahama."

"Nimekubali, baba," Nestori akasema. Alikuwa na mke na mtoto mchanga katika chumba kimoja kule nyuma ya soko. Usiku huo hakwenda kutamba baa, hakuwa mtu wa hivyo. Kesho yake tu nilimkuta anapima kwa hatua mahali kibanda kitakaposimama.

Katikati ya wiki akafiwa na mjomba, akaenda Nassa kuzika. Akaniachia kopo. "Kaka Shija, hiki ndicho kipande kizuri pekee kilichobaki. Kingine sitakipata kabla ya Jumamosi. Kitunze."

Nikakitunza. Nilifungua kopo nikaona kitu cha thamani kimelala majini. Wanangu! Kelele zote za ghalani zikaamka. Nikajisemea, huyu mtoto anaozesha mali, ameondoka na haraka zake za msiba hata kukausha hakukausha. Nikakitoa, nikakifuta, nikakianika kivulini dirishani. Kisha nikaenda kwenye godoro langu, ambalo nililijaza pamba ya kiwandani nyeupe ajabu, nikachomoa konzi nzima, nikakiviringisha humo kama mtoto mchanga. Nikafunga na uzi. Nilijivunia sana. Nilisema, akirudi nitamfundisha na yeye kitu.

Pamba laini. Nani hajui kuwa pamba ni laini? Kila mtu anajua hivyo isipokuwa aliyefanya nayo kazi miaka ishirini, ambaye alipaswa kukumbuka kuwa hata ile iliyochambuliwa inabaki na vipande vya ganda la mbegu, vijani vilivyokauka na mchanga wa shambani. Nilikuwa nimevitoa kwa vidole hivi, robota baada ya robota. Lakini siku ile nilikuwa na hamu ya kuwa mwerevu.

Ijumaa jioni nikafungua. Nyuzi zilikuwa zimenasa kote, kipande kimeota manyoya. Nikazinyofoa moja moja. Zilizokataa nikazikandia ndani, zisionekane. Nikakirudisha kwenye kopo, nikaweka maji. Hapo, vijana, ndipo nilipokosa mara ya pili, na hili la pili silo la ujinga. Mtu asiyejua kosa lake haanzi kulificha.

Jumamosi Nestori alifika macho mekundu ya safari. "Ulitunza, kaka?"

"Nimetunza, fundi."

Akaosha gari mwenyewe, mara mbili. Akakanda klei, akaanza na boneti. Ikakwaruza kwa ile sauti yake ndogo. Akafumba macho akisubiri inyamaze. Haikunyamaza. Akaongeza maji, akakunja klei, akarudia. Akaniambia, "Hawa wadudu wa ziwani safari hii wameshika kweli." Mimi nilikuwa nashikilia ndoo, mita moja kutoka kwake. Neno lilikuwa moja tu, "simama." Nilikuwa na ulimi, na gari lilikuwa bado na milango minne, mabawa mawili ya juu ya matairi ya mbele, na paa. Nikamsogezea maji.

Alipokausha jua lilikuwa limeshatoka. Boneti yote ilijaa mikwaruzo, mingine myembamba kama nywele, mingine unaisikia kwa ukucha. Ya nywele inatoka kwa polishi. Ya ukucha haitoki, ukilazimisha unatoboa rangi. Nestori hakupiga kelele. Aliigawa klei katikati kwa vidole, akaangalia ndani. Akachomoa uzi mweupe. Akachomoa kipande cha ganda la mbegu, kidogo kama kucha ya panya. Akaviweka kiganjani, akaniangalia.

Nikaangalia ndoo.

Mzee Ngassa akaja kwa miguu, na fimbo yake. "Mwangaluka," akasema, tukaitikia. Akaweka kiganja pale shingoni, akakipitisha. Akasimama. Akarudia.

"Nani kafanya hivi?"

Nestori alikuwa bado ameshika vile vitu kiganjani. Akafunga mkono. "Gari lilikuwa mikononi mwangu, baba."

"Nakuuliza nani."

"Ndiyo nimejibu, baba. Lilikuwa mikononi mwangu."

"Na wewe?" mzee akanigeukia. "Wewe mtu mzima umeona nini?"

Nikasema, na maneno haya nayakumbuka kama ninavyokumbuka kiapo cha ndoa, "Mimi nilikuwa nashika ndoo tu, mzee."

Kweli tupu. Nilikuwa nashika ndoo. Mahakamani ningeshinda.

Nestori alipewa mpaka jioni. Hakuwa na vitu vingi, ndoo nne, mpira wa maji, mashine ya presha na sanduku la vitambaa, kazi ya nusu saa. Alichukua mchana mzima. Aliukunja mpira, akaukunjua, akaukunja tena na tena. Mimi nilikuwa hapo hapo namsaidia kubeba, mwema kweli kweli. Alipomaliza nikamwambia, "Pole, fundi." Pole! Akaitikia asante, akaondoka na mkokoteni.

Baada ya wiki mbili mzee Ngassa alikuja kwangu. Baa ilikuwa imeshindikana, na gari lake limechafuka. Akasema angalau mimi ni mtu mzima, mtulivu, najua kushika nafasi yangu. Hivyo ndivyo nilivyoupata uwanja. Kibanda kile cha matofali mnachojikinga nacho mvua kilijengwa mahali Nestori alipopima kwa hatua zake. Nimefanya kazi humo mpaka nimezeeka, kama mwenyewe alivyoahidiwa. Na kweli, tangu hapo sijakwaruza gari. Klei naitunza kwenye kopo, kwenye maji ya shampuu, kivulini. Ikianguka naitupa kabla haijatulia chini, mkaniita mkali. Mlifikiri ni ujuzi.

Baada ya sherehe yenu sikulala vizuri siku kadhaa. Nikaulizia. Wakaniambia Nestori yuko Nassa, ana mashine ya kukoboa mpunga. Nikavaa shati la kanisani, nikaenda.

Nilimkuta mlangoni pa mashine, nyusi nyeupe kwa vumbi la pumba. Amezeeka vizuri kuliko mimi. Akazima mashine. "Mwadila, kaka Shija," akanisalimia, kama tuliachana juzi. Akaniletea kigoda, akakaa juu ya gunia. Nikamweleza yote, tangu kopo mpaka godoro, na zile nyuzi nilizozikandia ndani Ijumaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ngumi. Nilikuwa nimejiandaa pia kusamehewa, hilo sitawaficha, nilikuwa hata nimefikiria jinsi nitakavyolia.

"Nilijua," akasema. "Nani mwingine pale alitoka kwenye pamba?"

"Sasa mbona hukusema, fundi?"

"Halikuwa langu la kusema." Akajipangusa pumba mikononi, taratibu. "Gari ni bati, kaka. Mzee tungemwangukia miguuni sisi wawili, angenung'unika akatuacha. Nilikusubiri mpaka jioni. Ule mpira niliukunja mara tatu."

Akakung'uta na nyusi. Akaniuliza, "Siku hizi klei unaitunzaje?"

"Kwenye kopo. Na maji ya shampuu."

"Vizuri," akasema.

Ndani mkewe akaita kuwa chakula tayari. Harufu ya sato na wali mpya ilikuwa imeshanifikia muda mrefu. Ninyi ni watu wa huku, sina haja ya kuwaeleza. Kwetu hata mgambo aliyekuja kukamata mbuzi anaambiwa kwanza anawe mikono.

Nestori akasimama. "Haya, kaka. Magari ya Bariadi yanasimama pale kwenye mti."

Akaingia ndani. Nikiwa bado kwenye kigoda nikasikia sahani zikipangwa na watoto wakiitwa mmoja mmoja kwa majina, mpaka wote wakawa wamekaa. Kisha nikakirudisha kigoda ukutani, nikaenda kusimama barabarani.